Jicho Limepona, Shamba Limekwisha Kukaliwa

Daktari alimfunika mtoto wa kaka yangu jicho la kulia kwa kiganja, akamwonyesha kibao chenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, akamwuliza miguu ya ile kubwa kuliko zote inaelekea upande gani. Mtoto akanyamaza. Alikuwa na miaka 6, na wiki tano kabla ya siku ile alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande wa kushoto: ukungu ulikuwa umeondolewa, lenzi bandia imewekwa, jeraha limefunga vizuri. Daktari akaweka kibao pembeni, akanyoosha vidole viwili na kuvisogeza taratibu kuelekea usoni pake. Vilipobakiza shubiri moja hivi, mtoto akasema, "Viwili."

Daktari alinigeukia. "Mwalimu, jicho hili ni zima. Ubongo ndio ambao haukujifunza kulitumia."

Sentensi ile ilirudi nami nyumbani, ikakaa nami kwa wiki nyingi.

Nimefundisha Biolojia katika shule za sekondari kwa miaka 18, na nilidhani najua maana ya kuona. Mwanga hupita kwenye mboni, lenzi huukusanya, retina huupokea, neva hupeleka habari nyuma ya kichwa. Katika maelezo hayo hakuna mahali ambapo kila kiungo kinaweza kuwa kizima na kazi isifanyike. Nilianza kusoma usiku, baada ya kusahihisha madaftari, nikitafuta kitu kimoja tu: ni nini hasa ambacho hakikujengwa katika kichwa cha mtoto yule, na ni lini kilipaswa kujengwa.

Mchoro wa ubaoni

Kila mwaka huchora sinapsi, mahali seli mbili za neva zinapokutana, ubaoni kwa chaki za rangi. Upande mmoja ncha ya aksoni, ule uzi mrefu wa seli inayotuma, iliyojaa vifuko vya kemikali, upande wa pili seli inayopokea, na katikati upenyo ambao kwa kweli una upana wa nanomita 20 hivi, kiasi kwamba unywele mmoja wa mtu ni mpana kuuzidi mara elfu kadhaa. Wanafunzi hunakili, hupaka rangi, huandika majina ya sehemu. Nilipoutazama mchoro huo safari hii niligundua kwamba siku zote nimeuchora ukiwa mtu mzima. Sikuwahi kuchora sinapsi ikizaliwa, wala kusema darasani kwamba sinapsi ina utoto, kwamba nyingi hufa zikiwa changa, na kwamba ile inayosalia hulazimika kukomaa.

Mtafiti Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliuona mwanzo wa safari hiyo akiwa Barcelona mwaka 1890, alipochunguza viinitete vya kuku kwa darubini na kukuta kwamba ncha ya aksoni inayokua hutanuka kama kiganja kidogo chenye vidole vinavyopapasa. Alichokuwa nacho ni seli zilizokufa na kupakwa rangi, lakini akaelewa kwamba anatazama kitu kilichokuwa kikitembea. Kiganja hicho husoma kemikali kilizozipitia, husogea kuelekea nyingine na kuzikwepa nyingine, hata kikafika mtaa uleule unaokihusu. Katika kila jicho la binadamu nyuzi zipatazo milioni moja hufanya safari hiyo tumboni mwa mama, gizani, kabla ya kitu chochote kuonwa.

Kufika, hata hivyo, hakutoshi. Aksoni na seli inayoguswa lazima zitambuane. Upande wa aksoni kuna protini ziitwazo neureksini, na upande wa pili kuna neuroligini. Zinaposhikana, kila upande huanza kukusanya vifaa vyake. Jambo lililonishangaza ni jaribio lililochapishwa mwaka 2000, ambamo watafiti walichukua seli ambazo si za neva kabisa, wakazifanya zitengeneze neuroligini, kisha wakaziweka karibu na aksoni. Aksoni zikazigusa na kuanza kujenga upande wao wa sinapsi, vifuko na vyote, dhidi ya seli ambazo zisingeweza kamwe kujibu.

Na zipo seli nyingine zinazosimamia ujenzi huo. Mtafiti Ben Barres na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuza seli za retina ya panya zikiwa peke yake, nazo zikaunda sinapsi chache na dhaifu. Walipoziweka pamoja na astrositi, zile seli zenye umbo la nyota ambazo vitabu vyetu huzitaja kwa mstari mmoja kama walinzi na walishaji, idadi ya sinapsi iliongezeka mara kadhaa. Mwaka 2005 walitaja protini moja inayofanya kazi hiyo, thrombospondini.

Basi mtoto wa kaka yangu alizaliwa na haya yote. Nyuzi zake zilifika. Migusano ilianza. Hapo ndipo nilipokwama mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nikitafuta waya uliokatika, na waya haukuwa umekatika popote.

Migusano iliyo kimya

Sinapsi changa mara nyingi haisemi.

Imeshaundwa, ukiitazama kwa darubini ya elektroni ipo, aksoni inaachilia glutamati, kemikali inayobeba ujumbe, kama inavyopaswa, lakini seli inayopokea haisisimki. Sababu iko kwenye vipokezi. Sinapsi iliyokomaa ina aina mbili kuu za vipokezi vya glutamati, AMPA na NMDA. Kipokezi cha AMPA hufunguka mara glutamati inapokigusa. Cha NMDA kina mlango uliozibwa na chembe ya magnesiamu, na ziba hilo haliondoki mpaka seli inayopokea iwe tayari imesisimka kwa sababu nyingine. Kuziba huku kulielezwa mwaka 1984. Mwaka 1995 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yakaonyesha kwamba kuna sinapsi zenye NMDA inayofanya kazi lakini zisizo na AMPA inayojibu. Zipo, zimeshikana, na katika hali ya kawaida hazisikiki.

Nilikaa muda mrefu na jambo hili, kwa kuwa ndipo siri yenyewe ilipo. Mguso ulio kimya hauwezi kujiamsha peke yake. Huamka pale tu unapopiga hodi kwa wakati mmoja na migusano mingine mingi kwenye seli ileile: wengine wanaisisimua seli, magnesiamu inatoka mlangoni, kalsiamu inaingia kupitia mlango wa yule aliyekuwa kimya, na kalsiamu hiyo huiamuru seli ilete vipokezi vya AMPA mahali pale. Kuanzia hapo mguso unasikika wenyewe. Nyuzi zinazobeba habari zinazolingana hupandishwa cheo pamoja. Ile inayoleta fujo isiyolingana na wenzake hubaki kimya, hudhoofika, na mara nyingi huondolewa.

Sasa fikiria retina iliyo nyuma ya ukungu mzito. Mwanga unaingia, ndiyo, lakini umetawanyika kama mwanga unaopita kwenye karatasi iliyopakwa mafuta. Hakuna ukingo wa mlango, hakuna mstari wa nyusi za mama. Seli za jirani katika retina ile hazina kitu cha kukubaliana. Zinatuma, lakini hazitumi kwa pamoja.

Majirani wawili, shamba moja

Watafiti David Hubel na Torsten Wiesel walichapisha mwaka 1963 matokeo ya jaribio ambalo ni gumu kulisoma bila kusikitika. Walifunga kope za jicho moja la paka mchanga, wakaliacha jingine wazi, na baada ya wiki kadhaa wakalifungua lililofungwa. Jicho lilikuwa zima. Lakini walipopima seli za gamba la kuonea, nyuma ya ubongo, karibu zote zilijibu jicho lililoachwa wazi tu. Walipomfanyia hivyo paka mkubwa, hata kwa muda mrefu zaidi, hapakuwa na badiliko. Baadaye wakaonyesha kwamba kwa paka kipindi cha hatari huanza wiki ya nne hivi ya maisha na hupungua kufikia mwezi wa tatu. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa rahisi: jicho lisilotumika hudhoofika, kama mguu uliokaa kwenye plasta ya mfupa. Ningeishia hapo kama nisingesoma jaribio la mwaka 1965, ambamo walifunga macho yote mawili. Kwa hesabu ya kutotumika, hasara ingepaswa kuwa mara mbili. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya seli iliendelea kujibu jicho hili au lile, ingawa nyingi hazikujibu kwa ukawaida.

Nilikulia kijijini, na jaribio hili nililielewa kwa lugha ya kijijini. Majirani wawili wakiacha kulima msimu mzima, majani yataota, lakini mpaka utakuwa palepale. Mmoja akilima na mwenzake asilime, baada ya misimu michache jembe la anayelima litakuwa limevuka mpaka, na ukimwuliza atakuambia kwa dhati kwamba ardhi ilikuwa wazi.

Jicho la kushoto la mtoto wa kaka yangu halikulala. Lilinyang'anywa.

Ndiyo maana siupendi usemi wa "jicho vivu" ambao baadhi ya watu huutumia kwa hali hii. Uvivu ni tabia ya mtu anayeweza na hataki. Jicho hili lilituma kila lilichoweza kutuma kwa miaka sita, na kila mara jirani yake alikuwa na habari iliyo safi zaidi.

Unyang'anyi huo una watekelezaji wake. Mikroglia, seli za ulinzi za ubongo ambazo kazi yake nyingine ni kumeza vijidudu na mabaki, hupita kati ya migusano michanga na kula ile dhaifu. Mwaka 2007 na 2012 watafiti wakiwemo Beth Stevens na Dorothy Schafer walionyesha, kwa panya na kwenye njia hiihii ya kuonea, kwamba protini za kinga zinazotumika kuweka alama kwenye bakteria huweka alama pia kwenye sinapsi, na kwamba mikroglia humeza zaidi nyuzi za jicho lenye shughuli ndogo. Kwa binadamu, Peter Huttenlocher wa Chicago alizihesabu sinapsi kwa mkono kwenye ubongo wa watu waliofariki wakiwa na umri tofauti: katika gamba la kuonea zilikuwa nyingi kupita kiasi karibu na mwezi wa 8 baada ya kuzaliwa, kisha zikapungua kwa miaka mingi. Mwezi wa 8. Mtoto huyu alifanyiwa upasuaji katika mwezi wake wa 75.

Picha ya simu

Katika wiki ya tatu ya kusoma kwangu, kaka alinitumia picha ya zamani aliyoikuta kwenye simu aliyoacha kuitumia. Mtoto ana miezi minne, amepakatwa na bibi yake, na mweko wa kamera umemulika uso wake. Mboni ya kulia inang'aa wekundu kama ilivyo kawaida ya picha za namna hiyo. Ya kushoto ni nyeupe.

Bibi yake alikuwa ameuona weupe huo, na hakunyamaza. Alimpeleka mtoto kwenye zahanati moja, akaambiwa asubiri mtoto akue, kwamba upasuaji si wa watoto wachanga. Alisubiri kwa utii. Ukweli ni kinyume chake: mtoto anayezaliwa na mtoto wa jicho mzito upande mmoja anatakiwa afanyiwe upasuaji katika wiki za mwanzo kabisa, kama sita hadi nane, kwa sababu zilezile nilizozieleza hapo juu. Hata weupe ule ungekuwa kitu kingine bado kusubiri kungekuwa kosa, kwani mboni nyeupe kwa mtoto inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya retina, ambayo huua. Mama anayesoma hapa, ukiona weupe katika mboni ya mwanao, au picha ikikuonyesha wekundu upande mmoja na weupe upande wa pili, usikubali kurudishwa nyumbani. Dai rufaa ya kwenda kwa daktari wa macho wa watoto. Tunao, Moshi na Dar es Salaam, na tatizo la watoto kuchelewa kuwafikia lilikwisha kuandikwa na watafiti wa Kilimanjaro tangu mwaka 2005.

Sikuweza kulala usiku ule.

Sikumwonyesha bibi picha ile. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema, maana yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na anastahili kujua kwamba alikuwa sahihi. Lakini nilihofia kwamba angesikia jambo moja tu, kwamba palikuwa na muda na muda ulipita mikononi mwake.

Udongo unapokauka

Nilifika mahali pa hasira na ubongo wenyewe. Kwa nini ujifunge? Wahenga wamesema udongo uwahi ungali maji, nami nilikuwa nikiuliza kwa nini basi usibaki maji maisha yote.

Jibu nililolipata ni kwamba kukomaa kwa sinapsi ni kazi inayofanywa kwa makusudi, na ina faida yake. Vijiti vyembamba vya seli inayopokea, vinavyopapasa, hugeuka kuwa vichwa vinene vilivyojaa vipokezi na visivyoyumba. Kipokezi cha NMDA chenyewe hubadilishwa sehemu: aina ya utotoni hukaa wazi kwa muda mrefu na kupokea kalsiamu nyingi, aina ya ukubwani hufunga haraka. Seli za kizuizi zinazotumia kemikali ya GABA huimarika, na maabara ya Takao Hensch imeonyesha kwamba ukomavu wa seli hizo ndio unaofungua kipindi hicho cha kujengeka. Baadaye baadhi yao huzungushiwa wavu wa protini na sukari unaozishika mahali pake. Mwaka 2002 watafiti wa Pisa, Italia, waliuyeyusha wavu huo kwa kimeng'enya katika ubongo wa panya wakubwa, na jicho likaanza tena kunyang'anyana seli na jicho jenzake kana kwamba panya ni mchanga. Chungu ambacho hakikauki hakiwezi kuteka maji, na mtu ambaye migusano yake haikomai asingeweza kuamka asubuhi akautambua uso uleule aliouona jana.

Kilichoniumiza zaidi ni jaribio la panya waliolelewa gizani. Kwao ukomavu huchelewa. Kile kipokezi cha utotoni kinabaki, kana kwamba ubongo unasubiri. Saa chache za mwanga hutosha kuanza kukibadilisha. Maana yake ni kwamba saa ya ukomavu husukumwa na kuona kwenyewe. Mtoto wa kaka yangu hakukaa gizani. Jicho lake la kulia liliona kila kitu: ng'ombe, herufi, harusi ya shangazi yake mdogo. Jicho hilohilo jema, kwa kuona vizuri, ndilo lililoukausha udongo wa shamba ambalo jenzake lilikuwa bado halijaingia.

Habari kutoka Delhi

Ningeandika makala hii mwezi mmoja mapema, ingeishia hapo, na ingekuwa na kosa.

Pawan Sinha, mtafiti wa Marekani mzaliwa wa India, alianzisha mradi uitwao Prakash, neno lenye maana ya mwanga, wa kuwatibu watoto vipofu wa India kaskazini ambao hawakuwahi kufanyiwa upasuaji, na wakati huohuo kujifunza kutoka kwao. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha habari za watoto watano wenye miaka 8 hadi 17. Siku chache baada ya upasuaji waliweza kutofautisha maumbo kwa macho, na kwa mikono pia, lakini hawakuweza kulitambua kwa macho umbo waliloligusa. Hilo ni swali ambalo William Molyneux wa Dublin alimwuliza mwanafalsafa John Locke katika karne ya 17, kama kipofu akipata kuona atalitambua kwa macho umbo alilolijua kwa kugusa, na jibu la watoto hawa likawa hapana. Lakini baadhi ya watoto wale walipopimwa tena, baada ya siku chache kwa mmoja na miezi michache kwa mwingine, waliweza.

Nilijizuia kufurahi haraka, kwa kuwa watoto wale walikuwa vipofu wa macho yote mawili. Majirani wote hawakuwa wamelima. Kesi yetu ni ya mpaka uliosogezwa, na hiyo ni kesi ngumu zaidi. Hata jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2005, ambamo asilimia 53 ya watoto wa miaka 7 hadi 12 walipata nafuu ya maana kwa kufunikwa jicho zuri, kutiwa matone ya atropini ya kulififisha na kupewa kazi za karibu, dhidi ya asilimia 25 ya waliopewa miwani tu, halikuwa la watoto waliozibwa na ukungu tangu kuzaliwa. Wa kwao walikuwa na makengeza au macho yenye nguvu zisizolingana.

Hata hivyo jambo moja lilibadilika katika kuwaza kwangu. Nilikuwa nimechukulia kwamba swali ni kama muda umekwisha au haujaisha. Daktari alipoagiza jicho la kulia lifunikwe saa mbili kila siku, nililisikia kama tumaini la kutuliza wazazi. Sasa nalielewa kama hatua dhidi ya jirani: humfukuzi, unamsimamisha kando kwa saa mbili, ili mwenye shamba dogo lililobaki apige jembe bila kushindanishwa. Migusano iliyo dhaifu haijafa yote. Baadhi iko kimya, na kilicho kimya kinahitaji wengine wa kupiga hodi pamoja nacho.

Saa mbili

Mtoto analichukia plasta. Alilibandua mara nne wiki ya kwanza, akalia, akasema, "Shangazi, umenizimia taa." Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka 6, kwa hiyo nilimpa kazi. Nilimwekea sahani ya maharage achambue mawe, naye akawa hodari kwa haraka ya ajabu, hata nikampigia simu kaka kumwambia. Siku ya tatu nilimtazama kwa makini. Alikuwa ameelekeza uso dirishani. Vidole ndivyo vilivyokuwa vikichambua.

Nikatafuta chupa nyeupe ya kioo, nikaijaza shanga za rangi tatu, nikakaza kifuniko ili mikono isimsaidie. Nikazungusha chupa na kumwomba aniambie ni rangi gani iliyo mbele. Alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Alikaa hivyo muda mrefu, jicho lile la kushoto likitangatanga, likirudi, likitangatanga tena.

"Nyekundu," akasema.

Ilikuwa nyekundu. Kisha akaniuliza kama saa mbili zimeisha, nikamwambia bado dakika 40, akavuta pumzi, akaigeuza chupa mwenyewe.